Mjadala: Mtu mzima asiyeumwa ana haja ya kumeza vidonge vya vitamini kila siku?

Mwanzisha mada: Nasema hana, maadamu anakula mlo kamili. Mwili wa mwanamume unahitaji miligramu 90 za vitamini C kwa siku, wa mwanamke 75. Kidonge cha miligramu 1,000 ni cha nini? Utumbo haukinyonyi chote, na ziada hutoka na mkojo. Ukivuka 2,000 unaweza kuharisha, na aliyewahi kupata mawe kwenye figo anajitafutia mengine.

Mfamasia: Umechagua C, ambayo ndiyo nyepesi. A na D haziondoki na mkojo. Zinalimbikizwa kwenye ini na mafuta. Mjamzito akizidisha mikrogramu 3,000 za retinoli (vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini) kwa siku, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za maumbile. Tena watu hawajumlishi: multivitamini asubuhi, mafuta ya ini la samaki jioni, zote zina A. Na wavutaji sigara wasiguse beta-karotini ya vidonge, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Utafiti wa Finland uliotangazwa 1994 uliwapa miligramu 20 kila siku ili kuwakinga na saratani ya mapafu, saratani ikaongezeka.

Mkunga: Jamani, msiwatie watu hofu ya kila kidonge! Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inakinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo anayetaka mimba aanze angalau mwezi mmoja kabla, aendelee hadi wiki ya 12. Akingoja kliniki ya kwanza, amechelewa. Na huyu haumwi.

Mwanzisha mada: Kwa foliki nakubali. Kwa wengine wote bado nasimama palepale.

Tabibu: Na asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa? Huyo vitamini B12 ataitoa wapi, kama si kwenye kidonge au chakula kilichoongezwa virutubisho? Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka naye apimwe B12. Hapa foliki yenyewe inaweza kudanganya: ukimpa mwenye upungufu wa damu kabla ya kupima B12, damu inapanda, kila mtu anaridhika, huku neva zinaendelea kuharibika kwa kukosa B12. Ganzi ya miguu ikikaa sana huenda isiondoke tena.

Mfamasia: Ongeza biotini, ile ya nywele na kucha. Dozi kubwa huvuruga vipimo vya tezi ya shingo na hata troponini, kipimo cha damu cha kutambua mshtuko wa moyo. Mtaje kwa daktari kila kidonge kabla ya kutolewa damu, hata kama mnakiona ni cha urembo tu.