MREJESHO: Fizi kutoa damu nikipiga mswaki

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu fizi kuvimba na kutoa damu, wengine mkasema ni ukosefu wa vitamini C, wengine nisukutue maji ya chumvi. Nimeenda kwa daktari wa meno hapa Tanga mjini.

Alipitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama kati ya jino na ufizi. Ufizi ukiwa na afya, kina cha nafasi hiyo hakizidi milimita 3. Kwenye magego yangu ya chini kilifika 5. Ugaga, ule utando wa uchafu wa meno, ulishakuwa jiwe huko ndani, na jiwe hilo mswaki hauling'oi, chumvi nayo inatuliza tu. Akaukwangua kwa mashine, kwingine kwa ganzi. Nikatema vipande vya njano kama changarawe, jamani!

Akanipima na sukari, maana kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Iko sawa, alhamdulillah.

Damu imekata, harufu imeisha. Mfupa unaoshikilia meno, ukishaliwa na ugonjwa huu, haurudi wenyewe, ila gego lililokuwa likicheza limekaza kidogo. Kila usiku napitisha uzi katikati ya meno.

Na yule aliyeniambia niache mswaki mpaka damu ikauke, ndugu yangu, ushauri huo usimpe mtu mwingine.