Wachimbaji na mafundi wa EVE Online hapa Nairobi, tupeane uzoefu

MwambaRoysambu:

Wadau, tukikutana sisi wa EVE, gemu ya mtandaoni ya meli za angani, hapa mjini mazungumzo huwa ni vita tu: nani alilipuliwa, muungano gani umevunjika. Vita vina watu wake. Leo naomba tuongee sisi tunaoshinda kwenye mikanda ya asteroidi, tunaoyeyusha mawe, tunaounda risasi na meli, tunaobeba mizigo. Kila mtu aeleze alianzaje, alikwama wapi na alijikwamua vipi. Naanza mimi.

Niliingia Novemba 2016, ile CCP, wenye gemu, waliporuhusu watu kucheza bila kulipia kila mwezi. Sikuwa na kompyuta, nilikuwa nacheza kwenye sayba karibu na nyumbani mpaka wafunge. Venture yangu ya kwanza, meli ndogo ya kuchimba, nilipewa bure baada ya kumaliza kazi za wale mawakala wa mafunzo. Ghala lake la mawe linabeba mita za ujazo 5,000, na kipande kimoja cha Veldspar, jiwe la kawaida kabisa, ni 0.1, kwa hiyo likijaa una vipande 50,000. Nilizijua hesabu hizo kwa moyo. Hesabu ambayo sikuifanya ni nyingine.

Nilinunua ramani ya kiwandani (blueprint) ya risasi ndogo za Antimatter, ambayo kila mzunguko hutoa risasi 100. Nachimba, nayeyusha, naunda, nauza. Pesa zikawa zinapanda na nikajiona fundi. Madini nimechimba mwenyewe, kwa hiyo kila ISK, pesa ya gemu, inayoingia ni faida. Nilikaa na imani hiyo miezi mitatu.

Siku moja nikachukua daftari. Madini ya risasi 100, kama ningeyauza Jita, soko kuu la gemu, yalivyo, yangeniletea karibu ISK 1,400. Risasi zenyewe nilikuwa nikiziuza 1,250, na kodi ya soko bado. Yaani kila nilipowasha kiwanda nilikuwa napunguza thamani ya mawe yangu mwenyewe. Uchimbaji ndio uliokuwa unanilisha, ufundi ulikuwa unakula, na kwa kuwa vyote viko mfuko mmoja sikuona.

Tangu siku hiyo, madini yakiingia ghalani nayaandikia bei ya Jita ya siku hiyo, kana kwamba nimeyanunua dukani. Bidhaa isiyoweza kulipa bei hiyo siiundi. Nawasihi sana wanaoanza: madini uliyochimba si ya bure.

MwanaWaFundi:

Ndugu Mwamba, umenigusa, kwa sababu hayo niliyajua kabla sijaijua EVE. Mzee wangu ni fundi wa masanduku ya chuma pale Kamukunji, na likizo zote za shule ya msingi nilizimalizia kwenye kibanda chake na kelele za nyundo masikioni. Kuna wakati jamaa wa ujenzi walikuwa wakimletea mabati yaliyobaki bila malipo. Mzee alikuwa na daftari la jalada jeusi. Alikuwa anayapima yale mabati, anayaandika kwa bei ya dukani, halafu ndiyo anaanza kukata. Nikamuuliza, baba, mbona unaandika bei na umepewa? Akaniambia, "Jirani yangu hapa angeyanunua leo. Nikiyakata, nimekataa pesa zake."

Nilipoanza kuunda meli, sikuhitaji kufundishwa hilo tena.

Kingine nilichotoa kwake ni kubana mabaki. Mzee hakati bati kabla ya kugeuza kipimo mara nne, mara tano, akitafuta mkao utakaomwachia kipande kinachotosha kifuniko cha sanduku dogo. Anachora kwa chaki, anafuta kwa kiganja, anachora tena. Kwenye EVE kazi hiyo ni utafiti wa ramani. Ramani halisi, si nakala, unaipeleka maabara, na kila kiwango cha ubanaji wa malighafi kinapunguza asilimia 1 ya madini, mpaka 10. Kile cha muda kinashusha mpaka asilimia 20. Wengi wanakimbilia muda kwa sababu wanataka kuona meli zinatoka haraka. Mimi nasema maliza malighafi kwanza. Kwenye soko lenye mafundi maelfu wanaouza meli ileile ya Rifter, ile asilimia 10 ndiyo faida yako yote, na wakati mwingine haitoshi.

Ramani yangu ya kwanza niliikalisha maabara wiki nyingi, viwango vya juu vinachukua muda mrefu. Sikuunda meli hata moja kabla haijakamilika. Marafiki waliniona mzembe. Mzee nilipomweleza alielewa mara moja, akaniuliza tu kama hiyo maabara nalipia kodi.

KayoleMoja:

Mimi fupi. Mtaa wetu stima inapotea bila taarifa, na mwanzo nilikuwa naogopa kuchimba usiku. Mjue hivi: ukikatika mtandao, na hakuna anayekupiga, meli yako inaruka yenyewe kutoka kwenye mkanda na baada ya muda mfupi inatoweka angani. Mimi niliipata salama kila mara. Kinachobaki nyuma ni droni. Nilipoteza seti mbili nikajifunza kuzirudisha ndani mapema taa zikianza kufifia. Na kazi za kiwandani hazijali stima yako, zinaendelea hata kompyuta ikiwa imezimwa.

NesiWaZamu:

Nafurahi kuona mada hii, kaka Mwamba. Mimi ni muuguzi, zamu zangu zinabadilika kila wiki, na mchezo unaotaka nikae saa tatu mfululizo siuwezi. Ndiyo maana nilichagua sayari. Naona hazitajwi sana, basi niziseme.

Sayari ziliingia kwenye mchezo mwaka 2010. Unaweka kituo cha amri, mitambo ya kuchimbua, viwanda vidogo, na barabara za kuviunganisha. Ukipanda ujuzi wote unamiliki sayari sita. Mtambo unauweka uchimbe kwa muda unaotaka wewe, kuanzia saa chache hadi siku 14. Hapa ndipo nilipokosea miezi ya kwanza. Niliweka siku 14 nikidhani ni akili, kumbe mzunguko mrefu unapungukiwa kila siku, mwisho unaokota makombo. Sasa naweka siku mbili. Narudi nyumbani Embakasi asubuhi, naweka chai jikoni, na kabla haijachemka nimeshazungusha sayari zote.

Natengeneza vipuri vya mitambo na vifaa vya elektroniki, halafu naviunganisha kuwa bidhaa ya juu zaidi iitwayo Robotics. Nilikuwa na sayari mbili zilizolisha ya tatu. Ofisi ya forodha iliyo juu ya kila sayari inatoza kodi ukitoa na ukiingiza, kwa hiyo kila unapohamisha mzigo kutoka sayari hadi sayari unalipa mara mbili. Nilipopiga hesabu kama ya kaka Mwamba, nikaona ni afadhali kufanya hatua nyingi iwezekanavyo kwenye sayari moja na kupunguza safari. Faida si kubwa kama ya wale wa Orca, meli kubwa ya kusaidia wachimbaji, lakini inanilipia muda wangu wa mchezo, na hakuna anayenifokea nikiitwa kazini ghafla.

DerevaWaMbali:

Mimi ni wa mizigo. Nilikuwa napeleka bidhaa kati ya soko la Amarr na lile la Jita, na riziki yangu yote ilipita kwenye mfumo mmoja wa nyota unaoitwa Niarja. Kwa njia ya usalama safari hiyo ilikuwa miruko chini ya kumi, yaani kuvuka kutoka mfumo hadi mfumo. Mwaka 2020 Watriglavia, maadui wa ndani ya gemu, wakauteka ule mfumo, ukang'olewa ukawa sehemu ya Pochven, eneo lao. Siku ile njia salama ikawa zaidi ya miruko arobaini. Fikirini mtu wa Rongai aambiwe kuanzia leo atafika mjini kwa kupitia Nakuru.

Wenzangu wengi waliacha. Mimi nilibaki nikaangalia rafu za Amarr. Vitu vya Jita vikapanda huko kwa sababu hakuna aliyetaka kuvibeba, na vya Amarr vikapanda Jita. Nikaacha kubeba vikubwa vyenye faida ndogo, nikachukua vidogo vyenye thamani. Nilikuwa naendesha usiku, nasikiliza redio, nikijua kila mfumo unaofuata kwa jina. Nimejaribu kazi nyingi kwenye EVE, na hakuna iliyonipa raha kama miezi ile.

Tahadhari moja kwa wanaochukua mikataba ya kubeba: soma dhamana, ile pesa unayoweka na kuipoteza mzigo usipofika. Niliwahi kuweka dhamana ya karibu kila nilichokuwa nacho kwa mzigo mdogo uliolipa vizuri kupita kiasi. Walioandika mkataba ndio waliokuwa wakinisubiri njiani wanilipue.

PembeniMwaUedama:

Kuhusu kuviziwa. Watu wanadhani mfumo wenye alama ya usalama ya 0.5 na kuendelea maana yake huguswi. CONCORD, polisi wa gemu, wanakuja kumlipua aliyekushambulia kila mara, lakini wanakuja baada ya kupigwa, na kadiri alama ya usalama inavyoshuka ndivyo wanavyochelewa. Nilipigwa nikiwa kwenye Covetor, meli ya kuchimba, na vijana watatu wenye meli za vita za Catalyst, sikumaliza hata kusoma majina yao. Nililia, nasema ukweli, nilikuwa nimeichimbia wiki tatu.

Nikahamia Procurer, meli nyingine ya kuchimba. Inachimba kidogo kuliko Covetor, na ghala lake halifikii la Retriever, dada yao mwenye ghala kubwa, lakini ngao yake ni nene. Wamekuja mara mbili, wakaipima, wakaenda kwa jirani. Tofauti ya mawe kwa saa naihesabu kama bima.

MgeniWaGemu:

Shikamooni wakubwa. Nina swali. Seva iko London nami niko Githurai kwenye intaneti ya mtaa. Gemu za risasi zimenishinda kwa kuchelewa. Hii itanifaa?

MwambaRoysambu:

Marahaba, karibu. Itakufaa. Seva ya EVE inahesabu matukio mara moja kwa sekunde, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa kutoka hapa hadi Ulaya haukuondolei kitu ukiwa mchimbaji. Jua tu kwamba seva inazimwa kila siku saa tano asubuhi kwa saa za mchezo, ambayo kwetu ni saa nane mchana. Ukiwa na mawe ghalani ifikapo hapo, rudi kituoni kwanza.

Jumamosi saa tatu usiku natoa Orca, nitakuwa naongeza nguvu leza za kila atakayekuja. Njoo na Venture yako, hata iwe ile ya bure. Mwana wa Fundi amekubali kuleta daftari lake la bei, tutapima mawe ya kila mtu kabla ya kugawana.