Mawaziri wanajiuzulu, mikataba inabaki. Bili tunalipa sisi

Wakuu, leo nina hasira na sitaki mtu wa kuniambia "punguza jazba, uchumi unakua".

Kila kashfa ikilipuka nchi hii tunakimbilia majina. Fulani kala, fulani kajiuzulu, tunashangilia wiki mbili, kisha huyo tumerudi kwenye Simba na Yanga. Kampuni iliyomlisha huyo fulani inaendelea kuchukua chake, maana mkataba wake haujajiuzulu.

Chukueni IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme. Mwaka 1995 tunasaini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wake, wabia wakubwa wanatoka Malaysia, mitambo ya megawati 100 inajengwa Tegeta. Tena ya mafuta mazito, wakati gesi ya Songosongo inajulikana ipo! Ndani ya mkataba kuna mdudu anaitwa kapasiti chaji: unamlipa mwenye mtambo kwa sababu tu mtambo upo. Uwashe, usiwashe, unalipa. Ni sawa na bodaboda akudai nauli ya mwezi mzima kwa kuwa alikuwepo kijiweni, na wewe ulitembea kwa miguu.

TANESCO, shirika letu la umeme, ikaja kuona inatozwa kupita kiasi. Ugomvi ukaanza, na 2006 ikafunguliwa akaunti ya Escrow pale Benki Kuu ili pesa zisubiri humo mpaka ijulikane nani anamdai nani. Mwaka 2013 zikachotwa, bilioni 300 na ushee, zikaenda kwa PAP, kampuni iliyosema imeinunua IPTL. Mbunge Kafulila alipoling'ang'ania jambo hili bungeni, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Werema, alimjibu kwa methali ya kumfananisha na tumbili. (Kafulila huyo huyo baadaye akaja kuteuliwa bosi wa kituo cha ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Nchi hii ukiishi sana utayaona.)

Novemba 2014 PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, chini ya Zitto Kabwe ikasoma ripoti, na hapa naomba msome taratibu. Mbia mwingine wa IPTL, alipolipwa mgawo wake, alianza kugawa. Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, alipata bilioni 1.6, mwenyewe akasema ni mchango wa shule. Bilioni 1.6 nyingine ripoti ikasema ilikwenda kwa mbunge Chenge. Majaji walitajwa, viongozi wa dini walitajwa.

Sasa Chenge alikuwa nani mwaka 1995 mkataba wa IPTL uliposainiwa? Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hilo na mimi simhukumu. Ila nielezeni, mtu aliyekuwa mshauri mkuu wa sheria upande wetu wakati huo, miaka 19 baadaye anapokeaje mabilioni kutoka kwa mbia wa upande wa pili, na tunaambiwa ni mambo binafsi? Hicho ndicho kinachoniuma kuliko wizi wenyewe. Mnadhani rushwa ni bahasha inayopitishwa chini ya meza usiku, kumbe hawa jamaa wanapitisha benki, mchana kweupe, na risiti wanachukua!

Werema akajiuzulu, Tibaijuka akaondolewa, Muhongo wa Nishati akaachia ngazi Januari 2015. Vigelegele. Mwaka haujaisha, Muhongo yuko wizara ileile. Na 2016 wasuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, wakaamuru TANESCO iilipe benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa imelinunua deni la IPTL hiyo hiyo, dola milioni 148. Nani aliyejiuzulu alichangia hata shilingi?

Richmond ndio wimbo uleule. Ukame wa 2006, mgawo wa umeme, tenda ya dharura, kampuni ya mfukoni. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge ya Mwakyembe. Mkataba ulikuwa umeshahamia kampuni nyingine, Dowans. Tukauvunja kwa mbwembwe, Dowans wakatushinda ICC, mahakama ya usuluhishi wa biashara ya kimataifa, mwaka 2010, dola milioni 65 hivi. Mitambo wakanunua Symbion, kampuni ya Marekani, nao baadaye wakalipwa zaidi ya dola milioni 150 ili yaishe.

Shika risiti yako ya LUKU, ile ya kununua umeme, uisome. VAT ipo, tozo ya umeme vijijini (REA) ipo, ya msimamizi wa nishati (EWURA) ipo, kodi ya jengo ipo. Hakuna mstari ulioandikwa Dowans, lakini niambieni TANESCO inalipa hayo madeni kwa kuuza nini kingine zaidi ya umeme?

Najua watakuja wale wa "mikataba ni siri ya biashara". Siri kwa nani? Kampuni inao, wanasheria wake wanao, benki iliyomkopesha inao. Asiyenao ni mlipaji. 2023 makubaliano ya bandari na Dubai tuliyasoma, kelele zikapigwa. Oktoba mwaka huohuo ikasainiwa mikataba yenyewe ya DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ya miaka 30, pale Chamwino mbele ya kamera. Tulichoona ni kalamu na makofi.

Mwenye nakala kamili ya hiyo ya Oktoba aiweke hapa, kurasa zote. Na ninyi wa "mkiwabana wawekezaji watakimbia", nitajieni mmoja tu katika hao niliowataja aliyekimbia bila kulipwa.