Mbwa bila kamba Kisumu: mnafanyaje?

Kutoka: Mgeni wa Milimani

Habari zenu ndugu. Tumehamia Kisumu kutoka Hannover, mimi, mume wangu na mbwa wetu, labrado mweusi. Jimbo lile la Ujerumani, tangu 2013, anayeanza kufuga mbwa sharti afaulu mtihani, wa maandishi na wa vitendo. Mimi niliufanya, na mbwa wangu nikimwita mara moja anakuja. Sasa hapa nikimfungua asubuhi, watu wanahamia upande wa pili wa barabara, na juzi kijana mmoja aliinama akaokota jiwe. Mbwa hakuwa amemfanya lolote. Ninyi Watanzania wenzangu mliotangulia huku mnafanyaje?

Kutoka: Mtanga wa Kisumu

Dada, karibu sana Kisumu. Mtihani mliufanya wewe na mbwa wako. Yule kijana wa jiwe hakuufanya.

Mbwa anaowajua yeye ni wa aina mbili. Kuna wa nyuma ya geti lililoandikwa "Mbwa Kali", anayefungiwa mchana kutwa na kuachiwa usiku ili amalize hasira zake. Na kuna koko wa jalalani asiye na mwenyewe. Wako anakuja mbio, mweusi, hana kamba, na mwenyewe yuko hatua thelathini nyuma anapiga kelele "haumi, haumi!" Amweke fungu lipi? Huyo kijana hakukosa adabu. Alifanya alichofundishwa tangu utotoni.

Na woga huo una sababu. Kichaa cha mbwa bado kipo. Kenya ilipotunga mpango wa kukitokomeza, wa 2014 hadi 2030, Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti 5 za kuanzia. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo hata mkwaruzo mdogo wa jino, wa kucheza tu, unamtoa mtu kazini aende hospitali kuanza sindano za wiki kadhaa, tena mara nyingi kwa pesa yake. Kama ni mbwa wako, dada, gharama ni yako, usingoje kuombwa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, ndipo muende kituo cha afya. Mbwa naye afungiwe na kutazamwa siku 10. Kadi ya chanjo yake iwe mahali unapoipata hata saa nane za usiku.

Halafu kuna majirani Waislamu, nami ni mmojawapo. Sisi wa madhehebu ya Shafi, tulio wengi kutoka pwani, mate ya mbwa yakigusa kanzu inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Fikiria mtu yuko njiani kwenda Ijumaa na adhana imeshatoka. Mbwa wako anataka kumsalimia tu, lakini mwenzio itabidi arudi nyumbani. Ukiona kanzu au buibui mbele, fupisha kamba na umpitishe mbwa upande wako wa nje. Utaona watu watakavyoanza kukuamkia.

Dunga, kule ufukweni kwa wavuvi, ndiyo usimfungue kabisa. Nilimwona mmoja pale, mbwa mzuri wa kizungu, amekatiza katikati ya omena, yaani dagaa, zilizoanikwa juu ya nyavu. Alikwenda na kurudi, kwa furaha zake. Mama mwenye mali hakutukana. Aliinama akaanza kuchambua mchanga na manyoya kutoka kwenye samaki, mmoja mmoja, huku mwenye mbwa amesimama anasema pole. Pole hailipi omena. Alilipishwa, na kina mama wa pale ndio waliopanga bei. Tena jioni viboko hutoka ziwani kula nyasi, na mbwa anayembwekea kiboko atakimbilia kwako, kiboko nyuma yake.

Kutoka: Kaka wa Nakuru

Mimi nimtetee kidogo dada. Mbwa asiyekimbia anaharibika tabia, ndiyo maana hao wa geti wako vile. Huku Nakuru tumekodi uwanja wa jirani wenye ukuta, tunawafungua humo asubuhi, tunafunga geti. Barabarani, kamba fupi. Mnyororo mimi siupendi, unakata viganja akivuta.

Ukija kututembelea, usimbebe ukidhani utaingia naye Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Hawaruhusu mbwa. Hata nje ya lango kuna nyani, na nyani dume hamwogopi labrado.

Na kinyesi okota, jamani. Watu watakucheka ukiwa na mfuko mkononi, waache wacheke. Kumbuka tu ile mifuko ya plastiki ya madukani ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo chukua gazeti.

Kutoka: Mgeni wa Milimani

Asanteni, nimeelewa. Kamba imerudi. Sasa soja wetu wa getini anasema atamtembeza yeye kila asubuhi kwa shilingi mia mbili. Nimkubalie?

Kutoka: Mtanga wa Kisumu

Kwanza tembeeni pamoja, umwone anavyomshika. Wengine wanapenda kumwachia mbwa makusudi ili watoto wakimbie, wao wacheke. Mwandikie namba yako ya simu kwenye ukosi wa mbwa. Na usimtume saa moja asubuhi, hapo ndipo watoto wanaenda shule.