Shule inayochuja watoto kwa ada na alama, bado ni ya Kikatoliki?

Ndugu zangu, tujadili hili bila kuzungushana. Kila tukizungumzia utambulisho wa shule za Kikatoliki tunaishia kwenye misa, msalaba ukutani na kipindi cha dini. Mimi naona tuanzie getini: nani anaingia, nani anarudishwa?

Shule nyingi zinampima mtoto kwa mtihani wa mchujo, kisha zinampima mzazi mfuko. Aliyeshindwa hesabu anaambiwa atafute kwingine. Matokeo yakitoka, vigelegele: tumeongoza! Ukishachagua wenye alama za juu tu, kuongoza kuna ajabu gani?

Wapo wanaosema ada haikwepeki, na hoja yao ina uzito. Zamani waliofundisha wengi walikuwa watawa, wasio na familia ya kulisha. Leo walimu wengi ni walei, wana watoto na kodi ya nyumba. Tena kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa inadai elimu ya shule hizi isipungue ubora wa shule nyingine za eneo lake. Ubora una gharama, sikatai.

Ila tusisahau tulikotoka. José de Calasanz, padre Mhispania, alipofungua shule Roma mwaka 1597, iliwapokea watoto wa maskini, bure. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika tamko lake la elimu la mwaka 1965, ulitaka tuwajali hasa maskini, waliokosa upendo wa familia, na wasio na imani. Hao wa mwisho msiwaruke. Mtoto asiye Mkatoliki si wa kuvumiliwa tu. Mwaka 1977 Vatikano ilionya tena: shule zikiwaelekea matajiri peke yao, zinaendeleza jamii isiyo ya haki.

Kinachoniuma ni yule mtoto anayesoma somo la kwanza kwenye misa ya asubuhi, halafu saa nne jina lake linaitwa kwenye orodha ya wadaiwa, anabeba begi na kutoka wenzake wakimtazama. Hapo amefundishwa dini gani?

Pendekezo langu: nafasi za wasio na uwezo zitengwe kabla ya bajeti kupangwa, zisingoje salio, na askofu azikague kila mwaka. Kanuni ya 803 inasema hakuna shule inayobeba jina la Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Basi isiyo na hata mtoto mmoja wa maskini inyang'anywe jina? Mimi nasema ndiyo, baada ya onyo. Mnaopinga, leteni hoja.