Tupeane uzoefu: umeoanishaje sabufa na spika zako mpaka muziki ukatulia?

mdundo_laini:
Wakuu, hapa ni muziki tu. Wa filamu na milipuko wana raha zao. Nawalenga wenye spika mbili za kawaida walioongeza sabufa (spika ya besi pekee), na wanataka gitaa la besi lisikike pale pale alipo mwimbaji, siyo kwenye kona ya chumba.

Naanza mimi. Spika zangu ni ndogo, za kukaa kwenye stendi, na zikishuka kufika Hz 60 hivi (mitetemo 60 kwa sekunde) zinaishiwa pumzi. Sabufa ilipoingia kila mgeni aliisifia, ila mimi nilikuwa nasikia noti zinapotea. Mpiga besi anashuka: noti ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu imenywea, ya nne inatikisa dirisha. Sauti napandisha, nashusha, wapi. Dawa ilikuwa ile swichi ya fezi iliyo nyuma ya sabufa, yenye 0 na 180, ambayo watu wengi hawaigusi tangu siku ya kununua.

Ni hivi. Kuna eneo ambalo spika na sabufa zote zinapiga noti ile ile. Koni ya huku ikiwa inasukuma hewa wakati ya kule inavuta, zinafutana. Niliweka mlio wa majaribio wa Hz 80 usiobadilika, nikakaa kwenye kiti changu, mtu mwingine akawa anageuza swichi. Upande mmoja besi ikajaa, upande wa pili ikayeyuka. Tukaiacha ilipojaa. Leteni za kwenu.

KitiChaKati:
Swichi sawa, lakini mahali inapokaa ndiyo kwanza. Mimi sabufa niliipandisha kwenye kiti ninachokaa kusikiliza, nikaweka wimbo wenye besi inayotembea, halafu nikatambaa kando ya kuta, kichwa chini. Familia ilicheka sana. Kuna sehemu besi ilikuwa matope matupu, ukisogea hatua moja kila noti inajitenga na mwenzake. Hapo ndipo sabufa ilipohamia.

Sababu ni chumba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba cha mita 4 kina mvumo wake kwenye Hz 43 hivi, na uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi unapiga Hz 41. Wamekutana! Noti hiyo itavuma hata ununue sabufa ya namna gani.

spika_mnara:
Mimi sikubaliani na hiyo Hz 80 kila mtu anayoiimba kwenye krosova, yaani kichujio kinachogawa noti za chini ziende sabufa na za juu ziende spika. Risiva nyingi (amplifaya zenye mipangilio ya spika ndani yake) zinakuja nayo, basi watu wanaiacha. Spika zangu ni za kusimama sakafuni na zinashuka vizuri, nimekata kwenye 50 na muziki umekuwa mmoja. Nilipojaribu 120, sauti nzito ya mwanamume ilianza kutoka kwenye sabufa, kifua huku, mdomo kule. Na kumbukeni krosova haikati kama panga. Hata ile kali inayopunguza sauti desibeli 24 kwa kila oktavu (kila Hz zikiongezeka mara mbili), ukiiweka 80, kwenye Hz 160 bado kuna kitu kinapita.

mdundo_laini:
Kwa mnara nakuelewa. Kwa spika ndogo kama zangu, 50 ingeacha shimo.

Zima_Washa:
Mleta mada, sabufa yako ina krosova na risiva nayo inayo. Umetumia ipi?

mdundo_laini:
Ya risiva. Ile ya sabufa nimeizungusha mpaka mwisho juu. Zikikata zote mbili, besi inachujwa mara mbili na fezi inaharibika upya.

FundiWaya:
Sisi wa amplifaya za zamani zisizo na tundu la sabufa je? Mimi nimechukua sauti pale pale zinapofungwa waya za spika, nikaipeleka kwenye viingilio vya sabufa vya aina hiyo. Spika zinapiga kila kitu kama zamani, sabufa inajazia chini tu, nimeikata karibu na pale spika zinapoanzia kuchoka. Angalizo: kuna amplifaya ambazo waya hasi wa spika siyo ardhi. Ukiunganisha kichwakichwa unaweza kuiunguza. Soma kitabu chake kwanza.

KitiChaKati:
Nyongeza kwa wanaotumia maikrofoni ya risiva kupima. Yangu ilisema sabufa iko mbali kuliko futi kamba inavyosema, tena kwa zaidi ya mita. Niliiacha hivyo hivyo. Saketi ya ndani ya sabufa inachelewesha sauti, na milisekunde 1 ni sawa na sentimita 34, hivyo risiva inafidia ucheleweshaji huo. Ukiingiza kipimo cha kamba, unaivuruga.

Zima_Washa:
Kiwango cha sauti napangia kwa besi ya mbao ya kusimama, siyo nyimbo za kompyuta, maana hizo hujui mtayarishaji alikusudia nini. Nazima sabufa katikati ya wimbo. Ikizimwa chumba kinasinyaa. Ikiwaka sioni inatokea wapi. Nikianza kuiona, napunguza.

spika_mnara:
Hapo tumekubaliana. Kuna aliyeweka mbili? Nina nafasi ya ya pili.

KitiChaKati:
Ninazo. Anza na moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, na upime upya kila kitu, pamoja na ile swichi. Kwangu haikuongeza kishindo, ila sasa hata anayekaa pembeni anasikia besi ile ile ninayoisikia mimi.