Tangi la matumbawe lita 1,300 sebuleni, jamvi bado halijamwagwa. Nianzie wapi?

Mjenzi_Bunju

Wakuu heshima kwenu. Najenga Bunju, Dar, msingi umeshapanda na fundi anasubiri nimpe go ahead tumwage jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Nataka ukuta mmoja wa sebule uwe tangi la maji chumvi lenye matumbawe hai, sio la samaki peke yake, yaani mtu akiingia aone mwamba kama anavyouona akizamia Mafia. Vipimo nilivyonavyo kichwani ni urefu sentimita 240, upana 80, kimo 70, ukizidisha inakuja lita 1,344.

Sasa mchoro wa mwanzo umeliweka ghorofani kwenye sebule ya familia, wife yeye anataka liwe chini. Zege la juu litabeba au nisijaribu? Maji nichote baharini maana siko mbali, au ninunue ile chumvi ya kuchanganya? Umeme ukikatika usiku kucha inakuwaje? Na samaki nawaza kangaja, nimo (yule wa chungwa mwenye mistari myeupe), na pono wadogo wawili watatu kwa zile rangi zao. Matumbawe kuna vijana wa ufukweni wameniambia watanitolea ninayotaka. Naomba mawazo ya wanaojua, nataka nifanye kitu cha kudumu.

SalumMuscat

Mkuu umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya jamvi, wengi wanakuja kuuliza tangi likiwa limeshajaa. Mimi kazi yangu huku Oman ni kuhudumia matangi ya majumbani.

Msikilize mama, liwe chini. Piga hesabu nami: lita moja ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu 25 hivi, kwahiyo maji peke yake ni karibu kilo 1,380. Vioo vya milimita 19 pande zote na chini ni kama kilo 300. Mawe, mchanga na stendi ya chuma, we kaa na tani 2 kabisa. Hizo tani 2 zimekaa kwenye eneo lisilofika mita 2 za mraba, maana yake kila mita ya mraba inabebeshwa kama kilo 1,000 mchana na usiku miaka yote. Zege la ghorofa la nyumba ya kuishi kwa kawaida mainjinia wanalipigia hesabu ya watu na fanicha, kilo 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba. Linaweza kubuniwa libebe zaidi lakini hiyo ni kazi ya injinia na nondo za ziada, sio ya fundi kukwambia "itabeba tu bosi".

Chini mwambie fundi sehemu ya tangi kifusi kishindiliwe vizuri, aweke wavu wa chuma na jamvi liwe nene kuliko kwingine, halafu awe makini na levo. Tangi refu namna hiyo likilala upande mmoja kidogo tu unaona kwa macho, mstari wa maji unakuwa mshazari, na kioo cha upande ulioshuka kinabeba zaidi.

Na kwakuwa bado unajenga, nyuma ya ule ukuta toa chumba kidogo, hata mita 2 kwa 3. Humo linakaa tangi la chini la kuchujia, ile sampu, pamoja na skima (chombo kinachotoa uchafu kwenye maji kwa mapovu), pampu, pipa la maji masafi na pipa la maji chumvi. Weka bomba, weka tundu la kutolea maji sakafuni, weka feni ya kutoa hewa nje maana tangi kama hilo linapoteza lita 10 mpaka 20 kwa siku kwa kukauka na huo unyevu wote utakimbilia kwenye dari na makabati yako. Soketi zipande juu, laini yake ya umeme iwe peke yake na ile breka inayokata umeme ukivuja. Ukiwa na chumba hiki utabadilisha maji kwa dakika chache bila kupita na ndoo kwenye zulia.

MwanaMvita

Salaam. Mie niko Mombasa, naomba niingilie hapo kwenye matumbawe kwanza kabla ya yote.

Hao vijana waambie hapana ndugu yangu. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila karatasi, na kuyang'oa kwenye mwamba ni kuharibu makazi ya samaki ambao hao hao vijana na baba zao wanawategemea. Mwamba wetu huku umeshapata taabu ya kutosha, 1998 maji yalipopata joto lile la El Niño matumbawe yaligeuka meupe pwani nzima kuanzia Kenya mpaka Tanzania na mengi yakafa. Lililoota miaka mingi mtu analibandua kwa nyundo dakika tano, afu likifika kwako limepasuka lina majeraha na kwenye tangi jipya halimalizi mwezi. Kote kuna hasara.

Tafuta vipande vilivyooteshwa na watu kwenye matangi, vile vidogo vya kidole, uagize na karatasi zake. Vinakua. Na vimeshazoea maisha ya kwenye kioo. Mawe ya kujengea mwamba wako tumia jiwe kavu la matumbawe ya kale la machimboni, lile la kujengea nyumba za zamani za pwani, ni chokaa ile ile. Lioshe, liloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, upime fosfeti, ile inayolisha mwani, kabla hujaliamini.

Pono sahau kabisa. Ukizamia si unamsikia anavyokwangua mwamba? Ndio chakula chake, na anakuwa mkubwa. Kikande naye asikuingie, atakumalizia konokono na kaa wote wa kusafisha. Kangaja sawa, tangi lako lina urefu wa kumtosha kuogelea, ila awe wa mwisho kuingia kwasababu akitangulia anajiona mwenye nyumba na kila mgeni anapigwa.

Kuhusu maji, mie natumia ya bahari na ni mazuri tena bure, lakini unachota kwa akili. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, bamvua ndio zuri zaidi, mbali na mlango wa mto na mbali na hoteli na bandari. Masika usichote, mito inashusha tope na chumvi inapungua. Yapitishe kwenye kitambaa cha kuchujia, yaache gizani kwenye pipa yakizungushwa na pampu, pima chumvi iwe 35 kwa elfu ndio uyatie.

SalumMuscat

Naongezea hapo kwa heshima yake Mwana Mvita, maji ya bahari mimi nayakubali pwani iliyo safi lakini Dar mji umekuwa mkubwa, ningekuwa mimi ningejaza mara ya kwanza kwa chumvi ya kuchanganya na maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine mpaka kipimo cha uchafu ulioyeyuka kinasoma sifuri. Mfumo mzima na sampu chukulia lita 1,600, gramu 36 kwa lita, ni kama kilo 58 za chumvi. Ni hela ndio, lakini unajua ulichoweka. Yale yanayokauka kila siku unafidia kwa maji masafi yasiyo na chumvi, maana maji ndio yanayopaa, chumvi inabaki.

Kwenye joto hapa ndipo nataka utulie mkuu. Matumbawe mengi yanafurahi nyuzi 25 mpaka 27. Chumba chako Dar mwezi wa pili kina nyuzi 32, juu yake taa na pampu zinaongeza joto ndani ya maji. Watu watakwambia weka feni ipulize juu ya maji, feni inapooza kwa kukausha maji, sasa pwani hewa imeshajaa unyevu haikaushi sana, kwahiyo feni inasaidia kidogo na inaishia hapo. Utahitaji chila, mashine ya kupooza maji, na chila isikae ndani ya kabati wala kwenye chumba kilichofungwa kwasababu joto inalolitoa kwenye maji inalitapika hapo hapo ilipo. Itoe nje ukutani kama unavyotoa mashine ya AC, chini ya kivuli. Toboa ukuta sasa hivi kabla ya plasta.

Umeme piga hivi: chila ya nguvu ya farasi 1 ikifanya kazi nusu siku ni kama uniti 10, taa za LED za wati 600 kwa masaa 8 ni uniti 5 kasoro, pampu na skima zinazozunguka masaa 24 uniti 5. Jumla 20 kwa siku, 600 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya LUKU yako uone kama mfuko unakubali, na kama haukubali punguza tangi sasa kwenye karatasi.

Umeme ukikatika kinachoua kwanza ni kukosa hewa, joto linafuata baadaye. Chukua pampu mbili za mawimbi za umeme wa betri, wati 30 kila moja, ziwe zinatikisa uso wa maji. Masaa 8 zinakula kama wati-saa 480, betri moja ya 12V 100Ah inazivusha mpaka asubuhi. Ukipata sola ndio kabisa.

Mjenzi_Bunju

Nimewaelewa wakuu, nashukuru sana. Pono nimefuta, na vijana nitawajibu. Linakwenda chini na stoo iliyokuwa nyuma ya sebule inakuwa chumba cha mashine. Swali lililobaki: nina fundi wa vioo mzuri wa madirisha, anasema tangi anaweza. Nimpe? Na umeme ukikatika maji ya juu yote hayashuki kwenye sampu yakafurika?

Fundi_Tanga

Mimi ni fundi wa vioo na matangi nimejenga. Anaweza, ila mbane kwenye mambo haya. Kioo kisiwe tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto, tempa ukiweka drili kinasambaratika chote, na matundu ya mabomba lazima yatobolewe. Kimo cha 70 na urefu wa 240, milimita 19 usipunguze labda kama unakubali 15 na mikanda ya kioo juu. Kingo zisagwe. Silikoni iwe ya matangi, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Aunganishe siku moja bila kukatisha, ikauke wiki mbili, halafu mjaze maji ya bomba nje kwenye uwanja likae wiki nzima kabla halijaingia ndani. Na uwaandae wanaume wa kutosha na vile vibebeo vya kunyonya kioo.

Kuhusu kufurika, maji hayashuki yote. Yanashuka mpaka usawa wa ukingo wa kumwagikia tu, pale maji ya juu yanapoingilia mabomba ya kushuka. Kama maji yanasimama sentimita 2 juu ya ule ukingo, 240 mara 80 mara 2 ni lita 38, weka na yaliyomo kwenye mabomba sema 55. Kwahiyo sampu ya lita 400 uiendeshe ikiwa na 280, nafasi inabaki ya kutosha. Hatari iko kwenye bomba la kurudisha maji juu, mdomo wake ukiwa umezama sana maji yanarudi kinyumenyume yanavutwa mpaka mdomo upate hewa. Uweke karibu kabisa na uso wa maji na utoboe kitundu kidogo juu yake, ukisafishe kila mwezi maana konokono hupenda kukaa pale. Usitegemee valvu ya kuzuia maji yasirudi, ikiingia chembe ya mchanga haifungi.

Mabomba ya kushuka yawe matatu. La kwanza linajaa maji tupu bila hewa na lina geti valvu ya kurekebisha, hilo halipigi kelele. La pili linachukua yanayozidi. La tatu liko juu kavu kabisa, kazi yake ni siku la kwanza likiziba. Kabla ya samaki yeyote kuingia zima umeme makusudi, simama hapo utazame sampu inaishia wapi, weka alama kwa maka peni, washa tena. Rudia mara kadhaa. Siku zote jaza kiasi ambacho umeme ukizimwa maji hayapiti hiyo alama.